Kabla ya Dracula kulikuwa na mumiani: vita ya 1917 Kusini na watu waliochukuliwa wasirudi

Mnazijua hizi muvi za wanyonya damu zinavyoenda. Kuna nchi imechafuka kwa vita, kuna mtu katekwa, halafu kuna steringi mmoja na panga lake anavuka milima na misitu, anawafyeka wanyonya damu mmoja baada ya mwingine mpaka amfikie ndugu yake. Ukiwa kibanda umiza na mtafsiri anaongeza chumvi zake, hutoki hata kama ugali unakusubiri nyumbani. Mwisho steringi hafi, mateka anaokolewa, jua linachomoza na wabaya wote wanageuka majivu.

Hadithi ya namna hiyo huku kwetu Kusini tunayo. Ilipita hapa hapa Ruangwa na Nachingwea, kwenye njia ambazo leo tunapita na bodaboda kwenda minadani kuuza ufuta. Kwetu haikuisha hivyo, ndiyo maana nimeamua kuiandika.

Tuanze na Dracula mwenyewe, maana ndiye baba lao. Kitabu cha Dracula kilitoka mwaka 1897, kaandika Bram Stoker, mtu wa Ireland. Sasa rudi nyuma miaka 15. Mwaka 1882 ilichapishwa kamusi ya Kiswahili ya Johann Ludwig Krapf, yule mmisionari Mjerumani aliyeishi Rabai karibu na Mombasa. Humo ndani lipo neno mumiani, na Krapf anaeleza kuwa ni dawa ambayo wenyeji wanaamini Wazungu wanaitengeneza kwa damu ya mtu. 1882 jamani! Mkutano wa Berlin wa kugawana Afrika bado haujafanyika, bendera ya Mjerumani haijapandishwa Lindi wala Kilwa, na tayari watu wa pwani wanasema hawa wageni wana shughuli na damu zetu.

Neno lenyewe asili yake ni Uajemi. Huko lilikuwa jina la kitu cheusi kama lami kinachotoka kwenye miamba, watu wakikitumia kutibu mifupa iliyovunjika na maumivu ya mwili. Jina hilohilo ndilo lililokuja kubandikwa zile maiti za Misri zilizokaushwa. Na hapa shikeni viti vyenu: Ulaya kwenyewe, kwa karne kadhaa, wauza dawa waliuza unga wa maiti hizo, na wagonjwa wakaunywa kama dawa. Kwa hiyo babu zetu waliposema Mzungu anatengeneza dawa kwa miili ya watu, hawakuwa mbali na ukweli kama tunavyofundishwa kuwacheka. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 bado inakitaja kitu hicho cheusi kama gundi, kinachotoka Uajemi, na inasema wenyeji wengi wanaamini kabisa ni damu ya binadamu.

Ila mumiani wetu siyo Dracula. Hana meno marefu, haogopi kitunguu saumu, jua halimfanyi kitu. Mumiani ni mtu wa kawaida mwenye kazi. Analipwa. Ana bosi, na bosi ana bosi wake. Anakuja na gari au na sindano na mipira, anamkamata mtu aliyekuwa peke yake njiani, anamning'iniza au anamtoboa, damu inakingwa na kupelekwa mbali ikageuzwe kuwa dawa ya watu wengine. Sehemu nyingine wanamwita chinjachinja, huko magharibi ya nchi waliwahi kumwita kachinja, Uganda na Kenya wakasema wazimamoto. Ndiyo, wazimamoto hawahawa wa magari mekundu. Watu waliona jamaa wana sare, wana mipira mirefu, wanashinda kambini hawalimi, wakajiuliza hawa wanakula nini.

Mwanahistoria mmoja Mmarekani, Luise White, alizunguka Kenya na Uganda akiwauliza wazee habari hizi, akatoa kitabu mwaka 2000 kinachoitwa Speaking with Vampires. Kitu kimoja kinajitokeza mle: wazee wengi walipoulizwa wazimamoto walianza lini, walirudi kwenye ile miaka ya mwisho wa Vita ya Kwanza ya Dunia na baada yake kidogo. Neno lilikuwepo tangu zamani pwani, lakini hofu yenyewe ya kufunga mlango na kutotembea peke yako ilisambaa bara wakati huo.

Sasa kwa nini wakati huo? Kwa jibu la Kusini, mi nasema liko Narungombe.

Narungombe leo ni kata ya wilaya ya Ruangwa. Julai 19, 1917 palipiganwa vita kubwa pale. Upande mmoja Wajerumani na askari wao weusi, upande wa pili jeshi la Mwingereza lililotoka Kilwa, ndani yake kuna King's African Rifles, Wahindi na Makaburu wa Afrika Kusini. Yaani watu kutoka mabara matatu wamekuja kuuana kwenye mashamba ya Wamwera, na hakuna hata Mmwera mmoja aliyeulizwa kama anataka. Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck walikuwa wanasukumwa kusini. Oktoba Waingereza wakaichukua Ruponda, hii Ruponda yetu ya Nachingwea, ambako Wajerumani walikuwa wameweka chakula. Mwezi huohuo ikapigwa vita ya Mahiwa karibu na Nyangao, siku nne mfululizo, Waingereza wakapoteza zaidi ya watu 2,500 kati ya kama 5,000, wakiwemo wa kikosi cha Wanigeria. Ikafuata Lukuledi. Novemba ikatekwa misheni ya Ndanda, ambayo Wajerumani walikuwa wameifanya hospitali ya majeruhi. Huko uwanda wa Makonde, Lettow akaacha mamia ya wagonjwa na majeruhi waliokuwa hawawezi kutembea, na Novemba 25 akavuka mto Ruvuma pale Ngomano kuingia Msumbiji kwa Wareno. Ukiangalia ramani, hiyo ni miezi minne, na karibu yote imeisha ndani ya eneo ambalo sisi tunaliita nyumbani.

Vitabu vingi vya vita hii vinahesabu Wazungu na askari. Lakini bunduki, risasi, mahema, unga, mizinga, hata viti vya maofisa, vilibebwa na nani? Magari yalikwama, ng'ombe na punda walikufa kwa mbung'o. Vilibebwa kichwani na wapagazi. Mwingereza peke yake alitumia wapagazi kama milioni moja katika vita nzima ya Afrika Mashariki, na waliokufa kwa hesabu ya serikali ni zaidi ya 95,000. Huyo ni yule aliyekuwa na makarani wa kuhesabu. Mjerumani aliyekuwa anakimbia na daftari halina kazi, wapagazi wake nani kawahesabu? Alipovuka Ruvuma alikuwa na Wazungu karibu 300, askari kama 1,700 na wapagazi kama 3,000. Wale 3,000 wana majina, wana mama zao.

Na wengi hawakuajiriwa, walikamatwa. Jeshi likifika kijijini linachukua chakula, mbuzi na vijana. Likiondoka hili linakuja la upande wa pili, linachukua waliobaki. Ukijificha porini wanamshika mkeo mpaka ujitokeze.

Kilichowaua zaidi siyo risasi. Ni malaria, vichomi, na zaidi ya yote kuhara damu. Walipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, hawana muda wa kuupika ukaiva, na wengi wala hawakuzoea mahindi. Tumbo linakatika, mtu anatokwa damu huku ana mzigo kichwani, siku ya tatu anabaki kando ya njia. Sasa nyie niambieni. Mtu aliyeondoka nyumbani mzima, akachukuliwa na watu wa Mzungu, akaonekana kwa mara ya mwisho akiwa mweupe kama karatasi amelala kwenye dimbwi la damu yake. Aliyemwona akirudi kijijini atasemaje?

Kwenye ukoo wetu, upande wa bibi mzaa mama, kuna simulizi ambayo imepitia midomo minne mpaka kunifikia mimi. Nitaisimulia kama nilivyoipokea. Lakini msomaji ambaye siyo wa huku lazima kwanza ajue kitu kimoja. Sisi Wamwera, kama ndugu zetu Wamakonde, Wayao na Wamakua, zamani ukoo ulikwenda kwa mama. Mtoto siyo wa baba kivile, ni wa mjomba. Mpwa wako akipata shida, dada yako hamwangalii mumewe, anakuangalia wewe.

Basi inasemwa kwamba askari walipita, wakawachukua vijana waliokuwa wanalima, wakawafunga kamba shingoni wakaondoka nao. Wazee walipoona ile kamba walilia sana, maana wapo waliokuwa wanaikumbuka. Misafara ya watumwa kutoka Ziwa Nyasa kwenda Kilwa ilikuwa inapita nchi hii, na mkataba wa Sultani Barghash wa kukataza biashara hiyo baharini ni wa 1873 tu. Mzee wa miaka 60 mwaka 1917 alikuwa mtoto anayejitambua enzi hizo. Mmoja wa vijana waliochukuliwa alikuwa hajaoa bado. Mama yake akaenda kwa kaka yake, akakaa chini mlangoni, hakusema neno. Mjomba akaelewa.

Akaenda kwa mganga. Akapewa dawa ya kufunga kiunoni ili mumiani wasimwone, kwa sababu tayari maneno yalikuwa yanazunguka: vijana hawachukuliwi kubeba mizigo tu, mbele huko kuna nyumba wanatolewa damu za kutibia Wazungu waliojeruhiwa. Akabeba unga wa muhogo na kisu. Akafuata njia ya jeshi. Njia haikumsumbua, maana lilipopita jeshi palibaki moto, mashimo na maiti. Kila maiti ya mpagazi aliyoikuta aliigeuza aangalie uso. Sehemu hii bibi alikuwa akifika anaisema taratibu sana, kana kwamba na yeye anageuza.

Njiani aliuliza watu, wakamwonyesha mbele, tena mbele. Ruponda akakuta wameshaondoka. Akaenda Lukuledi. Akaenda mpaka Ndanda. Na pale, simulizi inasema, akaiona nyumba yenyewe. Alijificha kwenye majani usiku kucha, asubuhi akaona watu weupe wenye nguo nyeupe zilizoloa damu, wanamshika mtu watu wanne, wanamkata mguu kwa msumeno, na damu inakingwa kwenye beseni. Akaona mabeseni yanatolewa nje. Akaona sindano. Alikaa akimsubiri mpwa wake atoke kwenye mlango ule. Hakutoka.

Alikamatwa alipokuwa anarudi nyuma kutafuta maji, na waliomkamata ni wa upande wa Mwingereza. Hawakumuuliza anatafuta nani. Wakampa mzigo. Steringi wetu akawa mateka na yeye, akabeba risasi miezi mingi, na aliporudi nyumbani vita imeisha, amekonda hata dada yake hakumtambua kwa haraka. Yule kijana hakurudi mpaka leo. Na mjomba hadi anakufa alisema kitu kimoja: mumiani wapo, nimewaona kwa macho yangu Ndanda.

Kwa miaka mingi hii ilikuwa hadithi ya kututisha watoto tusicheze mbali na nyumba. Nikija kusoma habari za vita ndiyo nikatulia. Ndanda ilikuwa hospitali kweli. Wakati ule jeraha la risasi likioza dawa yake ilikuwa ni msumeno. Hakuna antibayotiki, penisilini haijagunduliwa mpaka 1928. Mtu ambaye hajawahi kuona upasuaji, aliyekuja moyoni mwake anatafuta nyumba ya wanyonya damu, akiona beseni la damu linatolewa dirishani ataita jina gani? Mjomba hakudanganya. Aliona kila kitu alichosema ameona. Hata kwenye jina sioni kama alikosea sana. Walikuwepo watu wanaokamata vijana, wakawatumia mpaka damu ikaisha, kwa faida ya watu wa mbali ambao hawakuwahi kufika Ruangwa. Ukiniuliza tofauti yake na mumiani, nitakwambia ni msumeno na daftari.

Tena siyo safari ya kwanza ya kufuata mateka huku kwetu. Mwaka 1882 Wangoni waliivamia Masasi, kile kijiji cha watumwa waliokombolewa ambacho Askofu Steere alikianzisha 1876, wakaondoka na watu. Mmisionari mmoja wa pale alifunga safari kuwafuata Wangoni hukohuko kwao kujaribu kuwakomboa. Yeye alikuwa na bidhaa za kulipia fidia na kulikuwa na chifu wa kuzungumza naye. Mjomba wetu alikuwa na kisu na dawa ya kiunoni, na hakuna mlango ambao angeweza kubisha hodi akasema naomba mpwa wangu, bei gani?

Vita ilipoisha je? Lettow-Vorbeck alisalimu amri Novemba 25, 1918 huko Abercorn, ambayo sasa ni Mbala nchini Zambia, wiki mbili baada ya Ulaya kumaliza. Machi 1919 akapokelewa Berlin kama shujaa, amepanda farasi. Alikufa 1964, na mwaka huohuo serikali ya Ujerumani Magharibi ikakubali kuwalipa askari wake wa Kiafrika waliobaki hai malimbikizo yao. Malipo yalikuwa ya askari. Kwa upande wa Mwingereza, mishahara ya wapagazi wengi waliokufa haikuwafikia ndugu zao, ilibaki serikalini. Dar es Salaam kuna sanamu ya Askari pale Posta, ya 1927, ambayo wengi wanapigia picha, na maandishi yake yanawataja na wapagazi pia, ila bila jina la hata mmoja. Na kuna Kariakoo. Wale watani zangu wa Simba na Yanga, kila mkisema Dabi ya Kariakoo mnalitaja jeshi la wapagazi, maana jina limetokana na Carrier Corps, kambi yao ilikuwa pale. Mi shabiki wa Namungo hayanihusu, lakini nimeona niwaambie.

Baada ya hapo njaa. Pamoja na njaa, ule ugonjwa wa mafua wa 1918. Ugogo njaa ya miaka hiyo waliipa jina Mtunya, na bado wazee wanaitaja. Familia zilizopoteza kijana hazikupewa barua wala kaburi. Walipewa nini? Walipewa hadithi, wakaishika.

Na nchi yetu hii haikuipa hadithi hiyo nafasi ya kufa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi wa karanga Kongwa, ukaletwa na huku Nachingwea. Matrekta, vifaru vya vita vilivyogeuzwa kung'oa visiki, reli kutoka pwani ya Lindi, mashamba yaliyopewa namba badala ya majina. Mwaka 1951 mradi ukatangazwa umeshindikana baada ya kula mamilioni ya pauni. Reli iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya sitini, ndiyo maana leo Nachingwea tuna kata inaitwa Stesheni na hakuna treni. Halafu wakaja FRELIMO, moja ya mashamba yale, Farm 17, likawa kambi ya kufundishia wapiganaji wa Msumbiji mpaka 1975. Mimi naheshimu sana kazi iliyofanyika pale, Samora alitokea huku kwenda kuchukua nchi yake. Lakini jiweke kwenye nafasi ya mama anayelima muhogo jirani: uzio, magari usiku, watu wa sare wasiosema, majeruhi wanaoletwa gizani kutoka vitani. Kila kizazi huku kimekua na kambi ambayo hakijui ndani yake kunafanyika nini.

Sasa tunafika kwenye sehemu iliyonifanya niandike, maana hadi hapo mtu anaweza kusema ni historia tamu tu. Kwenye muvi steringi anawawinda wanyonya damu na tunashangilia. Kwetu na sisi tumewawinda. Juni 1947 Mombasa, umati ulivamia kituo cha zimamoto kwa sababu ya uvumi wa kunyonya damu. Mwaka 1959 Buguruni, Dar es Salaam, uvumi wa mumiani ulizua vurugu, na askari polisi mmoja, Mwafrika mwenzao, akauawa. Mwaka 2017 Malawi, wilaya za Mulanje na Phalombe, watu kadhaa waliuawa na makundi ya wananchi kwa tuhuma za unyonyaji damu, Umoja wa Mataifa ukaondoa wafanyakazi wake kwenye wilaya hizo, serikali ikaweka amri ya kutotembea usiku. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ilisema uvumi ulionekana kutokea Msumbiji. Msumbiji, jirani yetu hapo ng'ambo ya Ruvuma.

Angalieni waliowindwa. Ni zimamoto, polisi, mgeni mwenye gari, mtu wa afya, mtu aliyekatiza kijijini jioni. Hakuna hata siku moja umati ulimkuta yule aliyetia saini karatasi ya kukusanya wapagazi. Huyo alikuwa amekaa mbali, na wakati mwingine alikuwa ameshakufa zamani. Anayekutwa ni aliye karibu na asiyejulikana. Na ukisikiliza vizuri, anayepiga kelele za mumiani mara nyingi siyo mtu mbaya. Ni mtu anayeamini anamwokoa mtoto wake. Anaamini yeye ndiye mjomba.

Oktoba 1, 2016, kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, Dodoma. Watafiti wawili wa Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha Selian, Arusha, pamoja na dereva wao, walifika pale kikazi. Ukapigwa ukelele kuwa ni wanyonya damu. Watu wakajaa kutoka pande zote na mapanga na mawe. Wote watatu wakauawa, miili na gari la serikali vikachomwa moto. Kazi iliyowapeleka ilikuwa kuchukua sampuli za udongo, ili wakulima wa Ugogo wajue shamba lao linafaa kupandwa nini.

Wiki ijayo Mungu akipenda nitaleta habari za ile reli ya Nachingwea, kuna wadau wameniomba sana. Mwenye picha za zamani za Mkwaya anitumie.